Bob Moses: kutoka Mississippi hadi Same, mwalimu aliyeifanya hesabu kuwa haki

Mwaka 1969 shule ya sekondari Same, mkoani Kilimanjaro, ilipata mwalimu mpya wa hesabu. Alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka 34, mwenye miwani, mtu wa maneno machache na sauti ya chini. Alikuja na mkewe Janet, ambaye alifundisha Kiingereza. Miaka minane kabla ya hapo, Agosti 1961, mwalimu huyo alipigwa kichwani kwa mpini wa kisu, mchana kweupe, katika mji mdogo wa Liberty, jimbo la Mississippi. Kosa lake lilikuwa kuwasindikiza watu wawili weusi waliokuwa wakienda kujiandikisha kupiga kura. Alinyanyuka na damu yake, akaendelea nao hadi mahakamani walikokuwa wakielekea. Baada ya kushonwa alirudi kumfungulia mashtaka mzungu aliyempiga, jambo ambalo mtu mweusi wa wilaya ile hakulithubutu. Mzungu yule aliachiwa huru.

Mwalimu huyo aliitwa Robert Parris Moses, au Bob Moses kwa waliomfahamu. Historia ya Marekani humtaja mara chache sana kuliko Martin Luther King, na mwenyewe alipenda iwe hivyo. Lakini ukichunguza namna vijana wa leo wanavyoendesha mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, kuanzia Black Lives Matter hadi vikundi vya wanafunzi wanaodai shule bora, unakutana na nyayo zake kila upande. Katikati ya safari yake ipo miaka saba ya Tanzania, na sisi Watanzania karibu tumeisahau.

Naandika haya nikiwafikiria wasomaji wa Kanoni na Karagwe yote, pamoja na ndugu zetu wa Kyerwa. Swali alilolishughulikia Moses tangu ujana hadi uzee ni swali letu pia: mkulima ambaye hakupata elimu ya kutosha atajiteteaje mbele ya mwenye mizani, karatasi na kalamu?

Fomu yenye maswali 21

Moses alizaliwa Harlem, New York, Januari 1935. Alisoma kwa bidii, akapata shahada ya uzamili ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1957, kisha akafundisha hesabu katika shule binafsi jijini New York. Mwanzoni mwa mwaka 1960 aliona magazetini picha za wanafunzi weusi wa Greensboro, North Carolina, waliokaa kwenye kaunta ya mgahawa wa wazungu na kukataa kuondoka. Nyuso zile zilimgusa. Likizo ya mwaka huohuo akasafiri kwenda kusini, mji wa Atlanta, kutoa nguvu zake.

Huko alikutana na watu wawili waliobadili maisha yake. Wa kwanza alikuwa Ella Baker, mama aliyekuwa amewakutanisha wanafunzi na kuwasaidia kuunda kamati yao wenyewe, SNCC, ili wasimezwe na viongozi wakubwa. Mama Baker aliamini kwamba jamii iliyojifunza kusimama yenyewe haihitaji mkombozi. Wa pili alikuwa Amzie Moore, mfanyakazi wa posta huko Mississippi na askari mstaafu wa Vita Kuu ya Pili. Huyu alimweleza kijana wa Harlem, bila kuzungusha maneno, kwamba watu wake hawakuwa na shida ya kukaa mgahawani na wazungu. Shida yao ilikuwa kura.

Kura ilizuiwa kwa karatasi. Mtu mweusi aliyetaka kuandikishwa Mississippi alipewa fomu yenye maswali 21. Katika swali mojawapo alitakiwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo, kisha aeleze maana yake kwa maandishi. Katiba ile ilikuwa na vifungu 285, na karani mzungu ndiye aliyechagua kifungu na ndiye aliyesahihisha. Mzungu asiyejua kusoma vizuri angeweza kupita, na mwalimu mweusi mwenye shahada akafelishwa. Kabla ya sheria ya 1965, ni asilimia 6.7 tu ya weusi waliostahili kupiga kura Mississippi walioandikishwa.

Wazee wetu hawatashangazwa na habari hizi, kwa sababu Tanganyika nayo iliwahi kupima haki ya mtu kwa rangi na mfuko. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika ndio waliokuwa karibu nchi nzima. Ili uandikishwe ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au wadhifa unaotambuliwa. Mkulima wa migomba na mibuni wa Karagwe angeyatolea wapi hayo? Shule nazo zilitengwa: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, mpaka uhuru ulipoufuta utaratibu huo. Elimu haba ikawa sababu ya kumnyima mtu kura, naye bila kura hakuwa na njia ya kudai elimu. Mississippi walifungwa kwa kitanzi hichohicho.

Pamba, mizani na nyarubanja

Wengi wa watu aliowatembelea Moses nyumba kwa nyumba walikuwa wakilima ardhi ya wenzao. Mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu na chakula cha mkopo. Mkulima alitoa jasho, na mwisho wa mwaka wakakaa kupiga hesabu. Daftari lilikuwa la mwenye shamba, mizani yake, kalamu yake. Familia iliyochuma pamba toka alfajiri hadi jioni, miezi nenda miezi rudi, iliambiwa kwamba bado ina deni. Wazee wa Kagera wanaokumbuka nyarubanja wataielewa hali hiyo haraka, maana mtwarwa naye alilima kibanja ambacho bwana wake ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenyewe, na ilichukua sheria ya mwaka 1965 kuanza kuuvunja utaratibu huo.

Mmoja wa wakulima wale wa Mississippi alikuwa Fannie Lou Hamer, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 20. Alianza kuchuma pamba akiwa mdogo sana. Ukubwani, kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alipewa kazi ya kuweka kumbukumbu za pamba iliyochumwa na wafanyakazi shambani. Agosti 1962, akiwa na miaka 44, alipanda basi pamoja na wenzake 17 kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Alifelishwa mtihani. Jioni ile ile mwenye shamba alimpa uamuzi: afute jina lake au aondoke. Mama Hamer aliondoka usiku huo, baada ya kuishi katika shamba lile miaka 18. Hakurudi nyuma tena, hata alipopigwa vibaya mahabusu huko Winona mwaka uliofuata.

Hamer ndiye kielelezo kizuri cha namna Moses alivyofanya kazi. Moses hakwenda vijijini kutoa hotuba. Alikaa barazani, akasikiliza, akauliza maswali, akafundisha kujaza ile fomu, na mtu alipopata ujasiri wa kusema, yeye alirudi nyuma. Katika mikutano yake mkulima aliyekuwa hajawahi kufungua kinywa mbele ya watu alisimama akaeleza jambo lake, na lile tendo la kusimama lenyewe lilikuwa ushindi wa kwanza.

Watu waliilipa kazi hii kwa damu. Septemba 1961 Herbert Lee, mkulima na baba wa watoto tisa aliyekuwa akimsaidia Moses, alipigwa risasi na mbunge wa jimbo kwenye kinu cha kuchambulia pamba, watu wakiona. Mbunge hakushtakiwa. Louis Allen, mweusi aliyeshuhudia na baadaye akataka kusema ukweli, naye aliuawa Januari 1964. Moses aliibeba mizigo hiyo maisha yake yote.

Kiangazi cha 1964

Baada ya kifo cha Allen, Moses aliunga mkono mpango uliokuwa ukibishaniwa sana ndani ya harakati: kuwaleta Mississippi wanafunzi wa vyuo vya kaskazini, karibu elfu moja, wengi wao wazungu, wakae na familia za weusi, waandikishe wapiga kura na kufundisha. Weusi walikuwa wameuawa miaka na miaka na taifa limenyamaza. Labda taifa lingetazama kama watoto wake weupe nao wangekuwa hatarini.

Juni 21, 1964, mwanzoni kabisa mwa mpango huo, vijana watatu walitoweka: James Chaney, mweusi wa Mississippi, na Andrew Goodman na Michael Schwerner, wazungu wa New York. Serikali kuu ikamwaga wapelelezi na wanamaji kuwatafuta. Miili yao ilifukuliwa Agosti 4 chini ya tuta la bwawa. Lakini katika msako huo ziliopolewa mtoni maiti za vijana wengine wawili weusi, Henry Dee na Charles Moore, waliouawa mwezi Mei, na kwao hakukuwa na msako wowote. Anayetaka kuelewa kwa nini kizazi cha leo kimelazimika kupiga kelele kwamba uhai wa mweusi una thamani, aanzie kwenye mto ule.

Kiangazi kile kilizaa pia Shule za Uhuru, zaidi ya 40, makanisani na chini ya miti, ambako watoto na wazee walijifunza kusoma, historia yao, na namna serikali inavyofanya kazi. Kikazaa chama kipya, Mississippi Freedom Democratic Party, ambacho mwezi Agosti kilipeleka wajumbe 68 kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Democratic huko Atlantic City, kudai nafasi iliyoshikwa na wajumbe wazungu watupu. Mama Hamer alitoa ushahidi wake mbele ya kamera za televisheni, na nchi nzima ikamsikia mkulima wa pamba. Wakubwa wa chama waliwapa viti viwili vya kupozea, wakavikataa. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 6, 1965, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini. Kufikia mwaka 1967 waliokuwa wameandikishwa miongoni mwa weusi wa Mississippi walifika asilimia 59.8.

Kiongozi aliyekataa kuabudiwa

Hapo ndipo wengine wangeanza kuvuna umaarufu. Moses alifanya kinyume. Aliona watu wameanza kumtegemea, wakisubiri aseme nini kabla ya kuamua, hata jina lake la kinabii likitajwa kwa unyenyekevu. Mwanzoni mwa 1965 alijiondoa kwenye uongozi, akaliacha jina la Moses na kujiita Robert Parris, jina lake la kati. Kwake, harakati inayomtegemea mtu mmoja hufa naye akifa, au huuzwa naye akinunuliwa.

Alipinga pia vita vya Vietnam, na Julai 1966 akaitwa jeshini, akiwa na miaka 31, mitano zaidi ya ukomo wa kawaida wa umri. Aliikimbia nchi yake akaenda Montreal, Canada, akaishi kwa vibarua kama usafi na ulinzi wa usiku. Huko alikuwa na Janet Jemmott, mwanaharakati mwenzake wa SNCC aliyekuja kuwa mkewe. Mwaka 1969 wakaja Tanzania.

Tanzania iliyowapokea

Hawakuwa peke yao kuitazama nchi hii kama nyumbani. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walikuwa na ofisi zao hapo. Malcolm X alifika Oktoba 1964 akazungumza na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu, na miezi michache baadaye Babu alihutubia mkutano wa Malcolm kule Harlem. Walter Rodney wa Guyana alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa hapahapa, mwaka 1972, kitabu chake juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Pete O'Neal wa chama cha Black Panther alikuja mwaka 1972 akiwa mkimbizi, akajenga kituo cha jamii kijijini Imbaseni, Arusha. Na mwezi Juni 1974 ukumbi wa Nkrumah wa chuo kikuu uliwakutanisha wajumbe wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, ambalo katibu mkuu wa maandalizi yake alikuwa Courtland Cox, mkongwe wa SNCC na mwenzake Moses wa Mississippi.

Wengi wa wageni hao walikaa mjini, kwenye mijadala. Familia ya Moses ilikwenda Same, mji mkavu chini ya milima ya Upare, kwenye barabara ya kwenda Moshi. Wakafundisha kama walimu wengine wa serikali, na watoto wao watatu kati ya wanne wakazaliwa katika nchi hii. Binti yao mkubwa walimwita Maisha.

Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika mwaka 1967 kwamba elimu ya mkoloni ilimwandaa mtoto kuikimbia jamii yake, na kwamba shule ya taifa huru lazima imwandae kuitumikia. Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliamua kwamba watoto wote wa umri wa shule waingie darasa la kwanza ifikapo 1977. Hata hivyo nafasi za sekondari zilibaki chache mno, na mtihani wa darasa la saba ukawa chujio. Vijana waliokaa mbele ya Moses darasani Same walikuwa wachache waliopita, na nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na wenzake wengi waliobaki vijijini.

Na hao waliopita walikutana na hesabu kwa Kiingereza. Mwalimu yeyote wa sekondari nchini anaijua sura ya mwanafunzi anayeweza kukokotoa faida ya biashara ya mama yake kwa Kiswahili bila kalamu, kisha akaganda mbele ya swali lilelile kwa sababu ya lugha liliyoandikwa nayo. Kazi kubwa ya Moses iliyofuata ilikuwa kuliziba pengo la namna hiyo: pengo kati ya akili anayokuja nayo mtoto kutoka nyumbani na alama zinazomngoja ubaoni.

Aljebra yachukua nafasi ya kura

Familia ilirudi Marekani mwaka 1976, na Januari 1977 Rais Jimmy Carter akawasamehe waliokwepa vita vya Vietnam. Mwaka 1982 Maisha alikuwa darasa la nane katika shule ya umma huko Cambridge, Massachusetts. Shule haikufundisha aljebra kwa darasa hilo, na bila aljebra mtoto asingeingia mkondo wa hesabu wa sekondari unaoelekea chuo kikuu. Moses alitaka kumfundisha nyumbani, binti akakataa kusoma hesabu mara mbili kwa siku. Mwalimu wake ndipo alipomkaribisha Moses aje afundishe darasani. Mwaka huohuo alipata tuzo ya Wakfu wa MacArthur iliyompa riziki ya miaka mitano, naye akaitumia kuanzisha Mradi wa Aljebra.

Alichokiona darasani kilimrudisha Mississippi. Watoto wengi weusi na maskini walikuwa wakichujwa mapema, wakiambiwa hawana kichwa cha hesabu, wakapelekwa kwenye masomo yasiyofika popote. Moses alisema waziwazi kwamba zama zimebadilika: mkulima wa 1961 alifungiwa nje kwa kutojua kusoma, na mtoto wa zama za kompyuta atafungiwa nje kwa kutojua hesabu. Asiyeijua hesabu atabaki mtumishi wa wanaoijua. Kwa hiyo aljebra ni haki ya raia, kama kura, na watakaoidai ni wanafunzi wenyewe na wazazi wao.

Njia yake ya kufundisha ilianzia barazani kwa wakulima. Aliwapandisha wanafunzi treni ya chini ya ardhi ya Boston. Waliporudi, walichora safari yao, wakaisimulia kwa maneno yao ya kila siku, wakachambua maneno hayo kwa pamoja, na mwisho ndipo wakaja kwenye alama za hesabu.

Tuihamishie safari hiyo kwetu. Mwanafunzi anapanda basi Bukoba, anafika Kyaka, anaendelea hadi Kayanga. Mwambie Kyaka ndiyo sifuri. Swali la kwanza, umbali gani, amelizoea tangu darasa la kwanza. Swali la pili, upande gani, ndilo jipya. Kayanga iko mbele, Bukoba iko nyuma, na vituo viwili mbele si sawa na vituo viwili nyuma hata kama vidole vya kuhesabia ni vilevile. Mtoto akilisema hilo kwa Kiswahili au Kinyambo, akalichora, akabishana na mwenzake, atakapoandika hasi mbili atakuwa anaandika kitu alichokwishakiona kwa macho.

Mradi ulienea miji mingi, na Moses akarudi Mississippi kufundisha shule ya sekondari ya Lanier mjini Jackson kwa miaka, huku nyumbani kwake kukiwa Cambridge. Mwaka 1996 vijana waliolelewa na mradi huo, mwanawe Omowale akiwa miongoni mwao, walianzisha chombo chao cha vijana kufundisha vijana. Moses alifariki Julai 25, 2021, akiwa na miaka 86.

Nyayo zake katika mapambano ya leo

Mwaka 2013, baada ya aliyemuua kijana Trayvon Martin huko Florida kuachiwa huru, wanawake watatu, Alicia Garza, Patrisse Cullors na Opal Tometi, waliibua wito wa Black Lives Matter. Waandishi wa habari walimtafuta kiongozi mkuu wakamkosa. Wanaharakati wakajibu kwamba viongozi ni wengi, kila mtaa na wake, na walipotaja walikojifunza hayo walimtaja Ella Baker. Mafundisho ya Baker yalifikaje kwao? Yalipita kwa vijana wa SNCC, na hakuna aliyeyaishi kwa ukamilifu kumzidi Moses. George Floyd alipouawa na polisi Minneapolis, Mei 25, 2020, maandamano yaliwaka katika mamia ya miji bila amri ya mtu mmoja. Wakongwe wa SNCC, chini ya uenyekiti wa Courtland Cox, yuleyule wa Kongamano la Dar es Salaam, wamekuwa wakikaa na vijana hawa kupokezana uzoefu.

Baltimore ndiko urithi huo unakoonekana kwa karibu. Wanafunzi wa tawi la Mradi wa Aljebra la mji huo walianza kwa kuwafundisha wadogo zao hesabu. Baadaye wakazitumia hesabu hizo kupekua bajeti ya elimu, wakaandamana kudai fedha ambazo shule zao zilistahili, na wakaingia katika kampeni ya kupinga ujenzi wa jela mpya ya vijana. Anayejua asilimia hababaishwi na tarakimu za waziri.

Njia hii ina gharama zake pia. Baada ya 2020, michango ya mamilioni ya dola ilimiminika katika taasisi iliyobeba jina la Black Lives Matter, na matawi ya mitaani yakalalamika hadharani kwamba hayajui fedha zinaamuliwa na nani. Harakati isiyo na mfalme inahitaji daftari lililo wazi kuliko harakati yenye mfalme. Hilo Moses alilielewa, ndiyo maana alisisitiza mikutano mirefu, kumbukumbu zilizoandikwa, na uamuzi unaopitishwa na watakaoutekeleza. Na ushindi wenyewe hulindwa: Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa kinga muhimu ya sheria ile ya 1965, na majimbo kadhaa ya kusini yakatunga masharti mapya ya kupiga kura. Wanaoyapinga leo wanarudi kulekule, nyumba kwa nyumba, baraza kwa baraza.

Kanoni inahusikaje

Hapa kwetu mwenye mizani hatofautiani nasi kwa rangi, lakini mizani ni ileile. Chukua butura, janga tunalolijua sote la kuuza kahawa ikiwa bado maua. Tuseme baba ana shida ya ada mwezi Januari, akapewa shilingi 60,000 kwa gunia ambalo wakati wa mavuno litauzwa 150,000. Amekopa 60,000 na kulipa riba ya 90,000, yaani asilimia 150 kwa miezi michache. Hakuna benki inayoweza kutoza hivyo ikabaki wazi. Shida ndiyo inayompeleka baba huyo kwa mnunuzi, ila kinachomfanya ashukuru akitoka ni kwamba hesabu hiyo hajawahi kuonyeshwa. Vivyo hivyo kwenye chama cha msingi: makato yanasomwa haraka, mkulima anaitikia kwa kichwa, anatia dole gumba.

Watoto wetu sasa wana nafasi ambayo wenzao wa miaka ya 1970 hawakuipata. Shule za kata zimejengwa tangu mpango wa 2004, na ada ya shule za serikali imefutwa. Lakini Hisabati imebaki somo ambalo wengi wa watahiniwa wa kidato cha nne hulifeli, mwaka baada ya mwaka, nasi tumelizoea kama mvua za masika. Tunamwambia binti kwamba hesabu si za kila mtu. Maneno hayohayo waliambiwa watoto wa Jackson na Baltimore, na hayakuwa kweli.

Kufuata njia ya Moses hapa hakuhitaji mfadhili. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wapewe taarifa hiyo kabla ya siku ya mkutano, pamoja na hesabu za chama cha msingi, waipitie na mwalimu wao darasani, kisha wasimame mbele ya wazee waulize: kiasi hiki kimetoka wapi, kimekwenda wapi, kwa nini makato yamepanda. Mama anayeuza ndizi Kayanga aje shuleni aeleze anavyopanga bei, na mwalimu aanzie hapo kabla ya kuandika herufi ubaoni. Bodi ya shule iulizwe hadharani kwa nini somo moja linafelisha vijana wengi kiasi hiki, na iulizwe na wazazi wenyewe, bila kumsubiri mheshimiwa atoke Dodoma.

Bob Moses alikaa katika nchi hii miaka saba akifundisha watoto wetu, na hakutuachia sanamu wala chama. Alituachia imani iliyopimwa kwa vipigo vya Mississippi na chaki ya Same: kwamba mtu wa chini akipewa nyenzo ya kuelewa jambo lake, atalisemea mwenyewe, na atalisema vizuri kuliko yeyote anayejitolea kumsemea. Nyenzo hiyo leo ni hesabu. Watoto wa Kanoni wana haki nayo, na sisi wazazi wao ndio wa kwanza kupaswa kuidai.